Kazi ya Julai

(Maneno niliyowaambia vijana na wazazi katika ukumbi wa mtaa, Pumwani, Jumamosi moja ya mwezi wa Julai. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Nimeondoa vicheko, na yale niliyoyarudia.)

Asalaam aleikum. Na wale wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe. Na wale ambao saa tatu asubuhi kwa baridi hii hawana nguvu ya kuitikia lolote, hamjambo?

Mwenyekiti alinipigia simu akasema niwazungumzie vijana juu ya imani, subira na ubunifu. Nikamwambia mimi si ustadhi, si mchungaji, na chuo cha sanaa sijui hata mlango wake uko upande gani. Mimi ni mama wa kitalu. Nauza miche kando ya barabara, na wengi wenu mmepita hapo mkiwa ndani ya matatu mkaona mifuko myeusi imepangwa safu safu, mkasema, "Ah, maua." Akasema, basi waambie hayo hayo ya miche. Kwa hiyo leo mtasikia habari za udongo na samadi. Anayetaka mahubiri, msikiti uko pale na kanisa liko kule, hatujafunga mlango.

Nianze na hii baridi, maana kila aliyeingia hapa ameilalamikia kabla hajakaa. Mgeni akifika Nairobi Julai hushangaa. Ameambiwa tuko karibu na ikweta, akaja na fulana. Lakini tuko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti pepo za kusi zinapanda kutoka baharini na unyevu wake. Hewa ikipanda hupoa. Ikipoa, ule unyevu unageuka wingu zito la chini, linaufunika mji tangu alfajiri, na jua likijitahidi sana utaliona saa tisa alasiri, likusalimie liondoke. Wingu kila siku, na mvua hakuna. Manyunyu ya kulowesha mabega, basi.

Sasa wazee wetu wana msemo kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mimi wazee nawaheshimu, lakini huo msemo hakuutunga mtu wa kitalu wa Nairobi. Julai kuna mawingu mwezi mzima na ardhi inabaki kavu chini ya kidole. Halafu Oktoba yanapokuja mawingu ya kweli, ya vuli, mimi nikiyaona ndipo nikimbilie kusia mbegu, nimeshachelewa. Nitauza nini? Watu wanataka mche wa kupanda leo, nami nina punje.

Piga hesabu nami. Grevilea, ule mukima mnaouona kwenye mipaka ya mashamba ukienda Kiambu na Embu, unahitaji kama miezi minne hadi sita kutoka mbegu hadi kimo cha kupandwa. Masika huanza Machi, yakijivuta ni Aprili. Basi mbegu yake iwe udongoni Septemba au Oktoba. Mche wa vuli mbegu yake iwe imelazwa Aprili au Mei. Kila ninaposia, mvua ninayoisia haiko angani. Haiko hata kwenye taarifa za wale wataalamu wa hali ya anga pale Dagoretti Corner, kwa sababu utabiri wa msimu hutolewa msimu ukiwa umekaribia. Mimi nimeshaweka pesa ya samadi, nimelipa kijana wa mkokoteni, nimenunua maji kwa mtungi.

Hapo ndipo ninapoijua imani. Mtu akiniuliza kama naamini, simwonyeshi machozi yangu ya kwenye dua. Namwonyesha kitanda cha mbegu na tarehe niliyokipanda. Anayengoja mawingu atakuja kununua kwangu, na simcheki, maana ndiye anayenilisha.

Jirani yangu wa kitalu ni Mkatoliki. Siku moja alinisomea Mhubiri, sura ya 11, kwamba mwenye kuangalia upepo hatapanda, na mwenye kutazama mawingu hatavuna. Nikamwambia huyo aliyeandika hayo alikuwa na kitalu! Nami nikamwambia yetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, amepokewa akisema kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, na aupande. Maneno hayo niliyasikia nikiwa madrasa, nikayahofu, kwa sababu ya Kiyama. Sasa nikiyasikia nauona mche. Mtu dunia inamwishia. Kivuli chake hataona, matunda hataonja, hata jani la pili halitatoka. Anaambiwa malizia kazi uliyoishika.

Na sisi Waislamu mwaka wetu ni wa mwezi, ni mfupi kuliko ule wa kalenda ya ukutani kwa siku kumi na moja hivi. Kwa hiyo Ramadhani inazunguka majira yote. Tumefunga katika Julai ya baridi hii, njaa inauma lakini kiu huisikii. Tumefunga Februari, jua la Nairobi limekausha mpaka mate. Kwa hapa kwetu urefu wa mchana haubadiliki sana, kinachobadilika ni mwili unavyoipokea siku. Siwaambii hivi kuwafundisha dini. Nasema tu kwamba ibada ile ile haikuchagulii majira mazuri, na miche vilevile.

Sasa tuje kwa subira, na hapa ndipo nina maneno mengi, nivumilieni.

Mnaambiwa subira, subira. Shuleni subira, kazini subira, serikalini subira. Mimi nina swali moja tu, subira ya mbegu gani?

Chukua mgunga. Mbegu yake ina ganda gumu. Ukiitia udongoni hivi hivi inaweza kukaa, na kukaa, na kukaa, wewe unamwagilia udongo mtupu unajiita mvumilivu. Mgunga unataka uchemshe maji, uyamimine juu ya mbegu, uziache humo mpaka asubuhi. Ndipo ganda linalegea na maji yanaingia. Huko porini mbegu zake hupita tumboni mwa ndovu na mbuzi, zikitoka ndipo huota vizuri zaidi. Yaani mbegu hii haingoji siku yake ifike, inangoja mtu wa kuisumbua.

Chukua podo. Huyu ndiye mwenyewe wa subira. Anaweza kukaa miezi chini ya udongo bila kukuonyesha chochote. Hapo usichokoe. Wasichana ninaofanya nao kazi wakiwa wapya huchimbua podo kila wiki kuangalia kama imeanza kuota, na kila wanapochimbua wanaivunja. Weka unyevu, weka kivuli, ondoka.

Halafu kuna muiri. Huu ni mti wa misitu yetu ya milimani, gome lake husafirishwa hadi Ulaya kutengenezwa dawa ya wanaume wenye matatizo ya tezi. Wazee, msijifanye hamsikii. Mbegu ya muiri uhai wake ni mfupi. Ukiokota tunda likiwa limeiva, usie upesi. Ukiiweka kabatini ukisema utaipanda ukipata nafasi, siku utakayopata nafasi utapanda uchafu. Kwa muiri, subira ni kuua.

Kwa hiyo kijana akija kwangu akasema, "Mama, nimeambiwa nisubiri," namuuliza unasubiri nini, na hicho unachosubiri ni podo, ni mgunga au ni muiri? Wengi wanaowahubiria subira ninyi vijana wanawaona nyote ni podo. Wengine wanawaona hivyo kwa makusudi, kwa sababu mtu aliyekaa kimya chini ya udongo hasumbui mkutano. Sitaji mtu. Lakini kuna ufundi ulioko mikononi mwenu sasa, sauti, macho makali, magoti yasiyouma, na hivyo ni muiri. Na kuna mengine, kama jina jema au ndoa, hayo ni podo, na mkiyachimbua kila wiki mtayavunja. Kujua kipi ni kipi, hiyo ndiyo shule, na hakuna atakayekupa cheti.

Cheti kimenikumbusha mtu. Mnakijua kiwanja cha Kamukunji, hapo tu, mwendo wa mguu. Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wanawake wenzake waliandamana kutoka KICC, lile jumba la mikutano la katikati ya mji, mpaka hapo wakapanda miti saba. Mingi haikudumu. Angekuwa mtu wa kuhesabu dalili, angeishia hapo. Alikuwa profesa wa chuo kikuu, angerudi darasani na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake akaenda kwa wanawake wa vijijini. Maofisa wa misitu wakasema kupanda miti kunahitaji watu wenye diploma. Wale kina mama walijua kusia maharage na mahindi, wakasema mbegu ni mbegu. Hawakuwa na vifaa vya kitalu. Wakapanda kwenye makopo mabovu na vyungu vilivyovunjika, wakaangalia mbegu zinavyoota shambani mwao, wakafundishana mmoja kwa mmoja. Vuguvugu lile, Green Belt Movement, limepanda miti zaidi ya milioni 50, na mwaka 2004 yeye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu humkumbuka kwa alivyoitetea bustani ya Uhuru Park na msitu wa Karura, na ni haki. Mimi namkumbuka kwa yale makopo.

Maana ubunifu ninaoujua mimi ni huo wa makopo. Nasikia neno ubunifu likitajwa siku hizi na mtu aliyevaa suti, nyuma yake kuna skrini kubwa, nikadhani labda ni kitu kinachouzwa Westlands. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku, watu wa biashara ndogo mji mzima walikaa kitako wakafikiri. Muuza mboga alifikiri, muuza samaki alifikiri. Sisi wa miche tulikuwa tumezoea kitambo kuokota, pakiti za maziwa, mikebe ya rangi, ndoo zilizopasuka. Kivuli cha kitalu changu ni mapazia ya mitumba kutoka Gikomba, yale yaliyochujuka ambayo hakuna anayeyataka dirishani. Kichwa cha kumwagilia ni mkebe niliotoboa kwa msumari, kwa sababu ule wa dukani unatoa maji kwa nguvu unalaza miche michanga.

Lakini kama mnataka ubunifu wenyewe nendeni Kibera au Mathare mkaone shamba la gunia. Nielezee, maana naona wengine mnadhani ni kujaza udongo kwenye gunia na kuchomeka sukuma. Ukifanya hivyo maji yatakaa juu, mboga za chini zitakauka. Unachukua mkebe usio na kitako wala kifuniko, unausimamisha katikati ya gunia, unaujaza kokoto. Unajaza udongo uliochanganywa na samadi kuuzunguka. Kisha unauvuta mkebe juu, kokoto zinabaki. Unaujaza tena, unajaza udongo tena, unavuta tena, mpaka gunia limejaa na katikati yake umesimama mnara wa mawe kutoka chini hadi juu. Ukimwaga maji juu, yanashuka kupitia mawe na kusambaa kila upande. Kisha unatoboa gunia ubavuni pande zote, unapanda sukuma kwenye matundu. Nafasi ya kusimama mtu mmoja, na familia inakula mboga. Mimi nikilitazama gunia lile naliona kuwa kazi ya akili kubwa, na aliyeubuni mkebe ule sijui hata kama alipigiwa makofi.

Kazi nyingine ya kitalu watu huiona ya kikatili. Mche ukikaa, mzizi wa chini hutoboa mfuko ukaingia ardhini. Hapo unanawiri, unapita wenzake kimo, mteja anauona anasema nipe huo. Mimi nakataa. Siku ya kuung'oa ule mzizi utakatika na mti utakufa shambani kwake, kisha atarudi kunitukana. Kwa hiyo kila mara tunainua mifuko tunakata mizizi iliyotoka. Na mwezi wa mwisho kabla ya kuuza tunapunguza maji na kufungua pazia, ili ujue jua kabla haujaachwa peke yake. Mche uliobembelezwa mpaka siku ya mwisho hauvuki hata wiki huko nje. Wazazi, hilo nimewasemea ninyi, tuendelee.

Niwape habari ya mtu mmoja wa mbali, kwa sababu tunda lake liko katika kila kibanda cha mboga mjini hapa. Parachichi la Hass, lile lenye ganda la chunusi linalogeuka jeusi. Hass alikuwa Rudolph Hass, mpeleka barua wa California. Miaka ya 1920 alipanda mbegu za parachichi kwenye kishamba chake, nia yake ikiwa abebeshe, yaani aunganishe juu ya miche hiyo kikonyo cha aina nyingine iliyokuwa na soko. Mche mmoja ukakataa. Alibebesha, kikonyo kikafa, akabebesha tena, kikafa. Akataka kuukata. Akashauriwa auache tu aone utakachozaa. Ukazaa tunda la ajabu, jeusi, watoto wake wakalipenda kuliko yale ya sokoni. Mwaka 1935 akapata hati ya kulimiliki. Lakini miti ni rahisi kunakili, mtu ananunua mmoja anabebesha mia, kwa hiyo hakutajirika. Aliendelea kupeleka barua. Ule mti mama uliishi hadi mwaka 2002, na kila parachichi la Hass mnalokula, likiwemo la Murang'a, limetokana nao kwa kubebesha, kikonyo baada ya kikonyo.

Ninachokipenda katika habari hiyo ni kwamba hakuna aliyekuwa na mpango. Mpango ulikuwa ule mwingine, uliokufa. Walichofanya ni kutokata.

Sitaki mtoke hapa mkidhani nasema kila kitu kitakuwa sawa. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilifuatana ikikosekana kaskazini na mashariki mwa nchi hii. Mifugo ikafa. Misikitini tuliswali swala ya kuomba mvua, ile ambayo imamu hugeuza joho lake nje ndani, na makanisa yakaomba. Kisha masika ya 2024 yakaja, na mnakumbuka yalivyokuja. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 200. Hapa Mathare, na kule Mukuru, maji yaliingia usiku, na baada ya maji yakaja matingatinga kubomoa yaliyosalia kando ya mito. Kuna waliopoteza mtu, nao wako ndani ya ukumbi huu.

Nilisikia mtu redioni akisema ile ilikuwa adhabu. Nilizima redio. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, sibishani. Lakini mtaro uliozibwa kwa uchafu hakuuziba Yeye, na aliyeuza kiwanja ndani ya njia ya mto alikuwa na jina na risiti. Mtu anayemsingizia Mungu mambo ya ardhi ya Nairobi ananichosha.

Na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa sikukuu nzima ya kupanda miti, mnakumbuka. Ilikuwa siku njema, na mimi niliuza. Lakini nilipokuwa nawaona wakubwa wakishika majembe mapya nikawafikiria watu waliosia ile miche. Ililelewa katikati ya mwaka, kwenye baridi kama hii, mawingu yasiyo na mvua, na wala hakukuwa na kamera. Sikukuu ile ilikuwa Novemba, kazi yake ilikuwa ya Julai.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie na utaratibu.

Mlangoni kuna masanduku mawili. La kushoto ni sukuma na kunde, mchukue, hata mwenye ghorofa ya nne, mradi una ndoo kuukuu na dirisha linalopata jua kidogo. Msipande leo mkamwagilia sana kwa baridi hii, mizizi itaoza. Maji kidogo, asubuhi, si jioni.

La kulia ni miti. Huo mtu asiuchukue kama hajui atakapoupanda, na asiupande kabla ya vuli kuloanisha ardhi vizuri. Uweke kivulini mpaka Septemba, kisha uanze kuuzoesha jua. Ukiona mzizi umetoka chini ya mfuko, ukate, usiuonee huruma.

Muiri sikuuleta. Mbegu bado ziko juu ya miti. Kuna mzee mmoja huniletea zikiiva, na zikija zinasiwa siku hiyo hiyo. Mwenye kutaka kujifunza aniachie namba yake ya simu, nami nitapiga asubuhi, pengine mapema mno. Anayekuja, aje na viatu vya matope. Maswali sasa, na tuanze na wale wa nyuma.